Makapi ya Mpunga Hayashindiliwi

Katika kazi yangu yote ya ufundi wa frigo, yaani majokofu, sanduku lililonishinda ni lile nililotengeneza baada ya kustaafu, na ndani yake mlikuwa na dawa ya mtu.

Siku ya kwanza kazini, katika depo ya samaki hapa Uvira, niliacha wazi mlango wa chumba cha baridi. Shefu wetu, fundi mkuu, hakunifokea. Aliniuliza kama nilidhani baridi inamwagika. Kisha akasema, "Baridi haitoke, kijana. Joto ndiyo iko inaingia. Weye kazi yako ni kuizuia." Akanionyesha frigoliti, lile povu jeupe gumu wanalofungashia televisheni. Karibu yote ni hewa iliyofungiwa, na hewa isiyotembea hupitisha joto polepole sana.

Baadaye nilihamishiwa frigo za dawa, hospitalini. Daktari mkurugenzi alikuwa akiweka kiganja juu ya kila frigo asubuhi, kama anayepima homa ya mtoto.

Nimeshastaafu, niko nyumbani mtaani Rugenge, akaja Mama Riziki, mwalimu wa kijiji cha Runingu, mgonjwa wa sukari. Kwake hakuna umeme, na insulini, dawa yake, yataka ubaridi bila kuganda. Frigoliti nzima sikuipata. Sponji ingenyonya maji. Nikachagua makapi ya mpunga kutoka mashine ya kukoboa ya Luberizi, nikayajaza kati ya masanduku mawili ya mbao, moja ndani ya lingine. Sikuyaanika. Nikayashindilia kwa mchi mpaka bega likauma, nikidhani yakibanana ndiyo yatazuia zaidi.

Mama Riziki alilichukua, akaenda matanga siku mbili, akaiacha chupa ya akiba sandukuni pamoja na barafu. Aliporudi, barafu ilikuwa maji ya uvuguvugu. Akaniletea sanduku, akabandua ubao, akachota makapi yaliyolowa.

"Papa, hii iko ya kuzuia joto, ao iko tofali?"

Nilicheka. Miaka yote nilipokea frigoliti ikiwa na hewa yake tayari. Mara ya kwanza kuiweka hewa mwenyewe, niliifukuza.

Tuliyaanika makapi siku nzima, tukayamimina bila kuyabana, tukayafunga kwa nailoni. Sasa barafu inalala mpaka asubuhi.

Lakini chupa aliyokwenda nayo matangani inakaribia kwisha, na nyingine iliyoagizwa Bukavu imekwama, barabara imekatwa na mvua. Mfamasia amemwambia insulini iliyopata joto huweza kupoteza nguvu, na hilo halionekani kwa macho. Ile ya akiba bado imo sandukuni, baridi, angavu kama maji, na hakuna kati yetu anayejua kama ingali dawa.