Kadi ya Mama Viola

Nakhumicha alifuma blanketi katika kiwanda kimoja cha Thika kwa miaka kumi na tisa. Kelele za mashine zikamwua masikio polepole, hata yeye asijue. Alijua siku alipomwona msimamizi amesimama mbele yake anafoka, na hasikii kitu. Mwezi uliofuata wakamwachisha kazi.

Opiyo, mumewe, akampeleka hospitali kwa madaktari wanaopitisha watu wa kupewa kadi ya ulemavu. Walimvika hedifoni, wakamwonyesha kwa ishara ainue mkono akisikia mlio. Aliuinua mara mbili. Daktari akamgeukia Opiyo.

"Nyumbani anajiweza?"

"Anapika, anafua."

"Hapotei njia?"

Nakhumicha alikuwa amejifunza kusoma midomo. "Sijapotea," akasema. Daktari akaandika, bila kumtazama.

Kadi ilitoka baada ya miezi saba. Akaenda nayo kliniki ya Ruiru anakotibiwa presha. Huko mwenye kadi hapangi laini, na hatozwi ada ya kumwona daktari. Karani akamwelekeza mlangoni. Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto akamshika mkono, akamgeuza.

"Mathe, tuko hapa tangu asubuhi. Wewe uko na shida gani?"

Nakhumicha akamwonyesha kadi. Mwanamke akaitazama, kisha akamkagua miguu, mikono, uso.

"Lakini wewe huna kitu," akasema polepole.

"Sawa," Nakhumicha akajibu, akaingia. Alingoja aone aibu, au hasira. Hakuona hata moja. Akapimwa, akapewa dawa, akatoka akipita mbele ya mwanamke yuleyule.

Baadaye kadi ilimpatia kifaa cha kusikia kwa bei nafuu. Opiyo mwenyewe ndiye aliyemwekea sikioni, nyumbani kwao Witeithie. Nakhumicha akasikia maji ya mfereji, redio ya jirani, viatu vya Opiyo sakafuni.

"Unanisikia, Mama Viola?"

"Nakusikia, Baba Viola."

Wiki haikuisha kabla Nakhumicha hajakivua kile kifaa na kukiweka kabatini, chini ya shuka. Alipoulizwa alisema kinamwasha.

Siku hizi huenda kliniki kila mwezi, bila kile kifaa. Anaonyesha kadi, anaingia, anatoka kabla ya saa nne. Kisha anapitia sokoni kununua sukuma wiki.