Matawi ya Mama wa Eden Prairie

Kazi ya kuleta matawi kanisani kwetu Brooklyn Park, huku Marekani, ilikuwa yangu. Kwaya siimbi, kuhubiri sijui, na shifti za kulea wazee hunila Jumapili nyingi. Lakini Jumapili ya Matawi kila mtu alinijua. Halafu akaja mama wa Eden Prairie, mtaa wa wenye pesa.

"Mwaka huu tusinunue," akatangaza kwenye kikao cha akina mama. "Nyumbani nina mtende mkubwa. Nitakata majani yote nilete." Wakampigia vigelegele! Mti huo nilikuwa nimeuona sebuleni kwake, kwenye madirisha yake marefu kama ya benki, na kwetu Taita nimekua nikiuona milimani.

"Huo si mtende," nikasema. "Ni sikadi. Hauzai tende, unatoa koni. Ukoo wake uko karibu na msonobari kuliko mtende. Tena ni adimu, usiukate."

"Wee! Wivu huo, dada," mmoja akasema, wakaangua kicheko. Wivu nilikuwa nao hadi kwenye kucha.

Akakata. Kanisa likapendeza, nisidanganye. Watoto walipunga yale majani huku miiba ikiwachoma, na pastor akamsimamisha mbele apigiwe makofi. Mimi nilipiga kwa ncha za vidole.

Kesho yake akanipigia simu analia. Mume wake amerudi safarini. Kumbe mti ni wa mume, na wiki hiyo mtaalamu alikuwa aje kuyachunguza majani, aseme kama ni kisambo, ile sikadi ya Taita, au ndugu yake wa pwani. Sasa halikubaki hata jani. "Njoo umtulize, dada, wewe unaujua huu mti."

Nika-drive mbio. Kusaidia? Wapi! Nilitaka kumwona akifokewa.

Nikawakuta wameketi sakafuni kando ya gogo lenye upara. Mume alikuwa akimfuta machozi kwa mkono wa shati lake.

"Majani yataota, mama," alimwambia. "Mtaalamu atasubiri. Wewe umekula?"

Nikaomba maji, nikayanywa nimesimama, nikaaga.

Matawi akina mama wamenirudishia. Wayachukue tu, jamani. Mimi siku nilipogonga gari, mume wangu aliuliza kwanza kama taa za mbele zimesalimika.