Mwisho wa Riwaya Niliomlisha Kazungu

Makosa ni yangu, wala msinitafutie wakili. Nimeyabeba tangu matokeo yalipotoka, na yana uzito kuliko cherehani yangu, ambayo hubebwa na wanaume wanne na wa tano wa kupiga kelele.

Mimi ni mshonaji hapa Shella, Malindi. Shule niliiacha mdogo, nikairudia mtu mzima, kwenye masomo ya jioni. Nilivyoipenda! Nilikuwa nafika kabla ya mwalimu, kabla ya chaki, karibu kabla ya jengo lenyewe.

Huko ndiko nilikompata huyu nitakayemwita Kazungu. Jina lake la kweli nimeshalichafua vya kutosha. Alikuwa kibarua wa chumvi Marereni, akija Malindi kila Ijumaa kusoma. Jua likiipiga ile chumvi humulika kama kioo, na miaka kumi ya kuiinamia ilikuwa imemla macho. Maandishi makubwa aliyaona. Herufi za kitabu zilimkimbia kama sisimizi.

Basi mimi nikawa macho yake. Tulikuwa na riwaya ya mtihani, hadithi ya kale ya mapenzi iliyotafsiriwa kutoka ng'ambo: binti anamngoja seremala aliyekwenda safari, anamngoja miaka saba, na tajiri mwenye mashamba anamposa kila mwaka. Nilimsomea Kazungu kabla ya kipindi, sura baada ya sura, naye amefumba macho, anatikisa kichwa. Hasahau neno! Kichwa chake kaseti.

Mtihani ule aliuhitaji kuliko sisi sote. Msimamizi wao alimwahidi ukarani wa mizani, ndani, kivulini, akileta cheti kizuri. "Dada," akiniambia, "nikipata kivuli tu, haya macho yaliyobaki nitazeeka nayo."

Sasa sikilizeni. Riwaya ile imeigizwa mara nyingi, nami nilizitazama zote. Kuna filamu ya zamani isiyo na rangi: seremala analia bila chozi, nywele zimelazwa kwa mafuta ya kopo zima, na binti anakufa mwishoni ili watu watoe leso. Kuna tamthilia ya runinga, ndefu hiyo! Niliianza mwembamba nikaimaliza nina kidevu cha pili. Humo binti anachoma nguo yake ya harusi mbele ya tajiri, kisha anaolewa na seremala kwa ngoma na vifijo. Na kuna ile mpya, warembo watupu, ila mama wa binti wamemwondoa kabisa, kana kwamba msichana aliokotwa njiani.

Mwalimu akauliza: ni ipi iliyoitendea haki riwaya?

Nikasimama, nikajitengeneza leso. "Tamthilia, mwalimu! Pale binti anapochoma nguo wamepatoa kitabuni neno kwa neno. Niliposoma nililia siku tatu!"

Nyuma mtu akacheka. Kazungu!

"Dada, nguo gani hiyo? Kitabuni aliikunja akaitia sandukuni. Si wewe uliyenisomea? Au ulikuwa ukisoma kwa mdomo, masikio umeyaacha kwenye cherehani?"

Darasa likaanguka. Hata mwalimu aligeukia ubao, mabega yakimcheza. Kufikia Jumatatu nilikuwa "Bi Tamthilia" mji mzima. Muuza mbaazi ananiuliza, "Bi Tamthilia, nikupe hizi, au unataka za kwenye runinga?"

Weee! Damu ilinichemka ningeweza kukaangia mahamri. Niliapa kuwa Kazungu atanitambua.

Kwanza niliisoma riwaya kwa hasira, mwanzo mpaka mwisho, mara mbili. Hapo nikaiona silaha. Sura mbili za mwisho nilikuwa sijamsomea! Na mwisho wenyewe haufanani na sinema yoyote. Seremala anarudi, anabisha hodi. Binti yuko ndani, mkono u kwenye komeo, anamwambia: nimekusamehe, lakini mlango sifungui. Basi. Kitabu kimekwisha.

Ijumaa akaja. "Dada, zimebaki sura mbili na mtihani ni wiki ijayo. Siku ile nilikutania tu, usiniwekee kinyongo."

"Kinyongo? Mimi na wewe, kakangu?" Nikatabasamu mpaka magego yakapata upepo. "Koo tu limenikauka. Nitakutilia sinema kwenye simu, ile mpya, dijei ameitafsiri kwa Kiswahili. We sikiliza. Nimeilinganisha na kitabu, hakuongeza neno."

Hakuongeza neno! Dijei wa banda la video, anayeweka sauti yake juu ya sauti za wenyewe, kwake hadithi ni unga, hukanda apendavyo. Humo binti anamzaba seremala kofi, kisha anatoroka na muuza kahawa juu ya punda. Mwenye macho angeona kwamba kwenye picha hakuna kahawa, wala punda, wala kofi. Kazungu alikuwa na ile sauti tu.

Siku ya mtihani walimpa karatasi ya herufi kubwa. Swali lilikuwa juu ya mwisho wa riwaya, nyie! Nikamwona anainama kwa furaha, kalamu inakimbia. Sitawadanganya, nilisikia utamu wa halua ya sahani nzima. Kimoyomoyo nikamwambia: panda punda, Kazungu, mpige na fimbo!

Matokeo yakatoka. Mimi nimepita. Yeye amekosa kidogo tu, ile kidogo inayouma kuliko nyingi. Mwalimu akamwita mbele yetu amweleze alichoandika. Alipofika kwenye punda, darasa likacheka kama lilivyonicheka mimi.

Kazungu hakucheka. Aligeuza uso polepole kuelekea nilipozoea kukaa. Halua yote ikawa shubiri.

Ukarani akapewa mwingine.

Nilivumilia wiki mbili, kisha nikapanda gari kwenda Marereni na kitabu kwenye mkoba. Nikamkuta katikati ya vilima vyeupe, kitambaa kichwani, amekunja uso kwa mwanga, machozi yanamtoka yenyewe.

"Kazungu, ni mimi. Nimekuja kukusomea zile sura mbili."

Akaegemea koleo. "Mwalimu alishanisomea."

Nikakitoa kitabu mkobani hata hivyo.

"Nimekusamehe, dada," akasema, neno kwa neno, ile kaseti yake. "Lakini mlango sifungui."

Akarudi kwenye chumvi.

Wenzangu, ukichekwa, cheka nao, upite. Na ukishindwa kucheka, basi tukana, nuna, hama hata mtaa! Lakini usimpige mtu kwa kitu alichokukabidhi kwa kukuamini. Kile kicheko chake ndicho kilichonifanya nikisome kitabu mpaka mwisho, ndicho kilichonipitisha. Cheti nimekitundika juu ya cherehani na sina raha nacho.

Sokoni bado wananiita Bi Tamthilia. Siku hizi naitika.