Karatasi Yenye Vipele

Mandazi ya moto yakigusa karatasi ngumu hutoa harufu fulani, na leo imenisimamisha kwenye kibanda cha mtu nisiyemjua.

Nilipokuwa mdogo, Mama aliwafungia wateja mandazi kwa karatasi nene zisizo na wino, alizopata kwa muuza karatasi chakavu wa Industrial Area, mtaa wa viwanda. Zilijaa vipele vidogovidogo, naye akavitumia kushusha bei: "Hii imeharibika kiwandani, baba. Punguza tena." Muuzaji alipunguza. Tukajiona wajanja.

Asubuhi moja mteja wetu kipofu alipokea mandazi yake, vidole vikaganda. Alipapasa karatasi, akarudia, kisha akaanza kusoma kwa sauti: msichana anabisha mlango, ndani kuna mtu analia. Watu kwenye foleni wakasogea karibu wasikie. Hakuna aliyethubutu kutafuna.

"Mama, hiki ni kitabu ninachokitafuta! Maktaba yetu ya wasioona huniambia kila siku kimeazimwa."

"Kitabu gani, na hakina hata herufi?"

"Hivi vipele ndivyo herufi zetu. Tafadhali, nipe ukurasa unaofuata, nijue ni nani anayelia."

Mama alinitazama, kisha akatazama jiko, ambako karatasi zote zilizobaki zilikuwa zimetumika kuwashia makaa.