Siku Niliyoita Mahudhurio Kanisani

Nianze kwa kukiri kwamba aibu hii ni yangu mwenyewe, hakuna aliyenisukuma, na kama mmewahi kusikia watu wa huku mlimani wakimsema yule mwalimu aliyeita mahudhurio kanisani, basi ndiye huyu anayeongea nanyi, msihangaike kumtafuta.

Mimi ni mzee wa kanisa na ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi (chaki niliiacha, ila ugonjwa wa kupenda kusikia sauti yangu haujastaafu), na baraza la wazee lilinipa kazi ya kuwarudisha vijana, maana kanisani tulikuwa tumebaki sisi wenye mvi na watoto wadogo, wale wa katikati wakishapata kipaimara tu wanashuka mjini na hatuwaoni tena hadi kwenye misiba. Katika kazi hiyo nilifanya jambo moja la maana, na naomba mlikumbuke kwa sababu ndilo hilo tu: nilimfuata Aneth.

Aneth ni mtoto wangu wa ubatizo, nilisimama naye mwenyewe akiwa mchanga. Alipokua akazaa kabla ya ndoa, na kwetu anayezaa hivyo hashiriki Meza ya Bwana, wala mtoto wake habatizwi, mpaka asimame mbele ya usharika mzima atubu, ndiyo tunaita kurudi kundini. Yeye hakusimama. Alishuka mjini akapanga chumba mtaa wa Kwa Mrombo, akawa anauza viatu vya mitumba sokoni. Nilimkuta pale anasugua raba kwa brashi, mtoto amelala kwenye beseni.

"Shikamoo mwalimu," akasema, akanisogezea kigoda.

"Marahaba mwanangu. Tumekukosa sana kanisani."

"Natamani huyu abatizwe, mwalimu. Ila kusimama mbele ya wale mama, hapana. Siwezi."

Nikamwambia nimeshaongea na mchungaji (na kweli nilikuwa nimeongea), mambo yatamalizwa ofisini, watu watatu tu. "Wewe njoo. Hakuna atakayekusimamisha." Akasema atakuja Jumapili ya mwisho wa mwezi, na mimi nikapanda kurudi nyumbani kifua mbele kama niliyeshinda udiwani.

Sasa Jumapili moja kabla ya hiyo nikapewa dakika tano kwenye matangazo niongelee vijana, na nilikuwa na karatasi yangu nzuri tu, lakini nikaona watu watasinzia, nikafungua kabati la ofisi nikatoa daftari la wanafunzi wa kipaimara wa miaka ya nyuma, nikajiambia nitasoma majina na asiyekuwepo tumwombee. Wazo lilikuwa hilo tu. Nikavaa miwani, nikachomoa kalamu nyekundu.

Jina la kwanza, Anaeli. Kimya. Kwa mazoea nikauliza, "Hayupo?" na usharika, ambao nusu yake niliufundisha mimi kusoma, ukajibu kwa pamoja, "Hayupo mwalimu." Watu wakacheka, na mimi nikanogewa. Jina la pili, mzee mmoja wa mbele akaongeza kwamba huyo siku hizi anasali na walokole kwenye maturubai, mtaa wa Sokon One. La tatu, mtu akasema huyo ni bodaboda na Jumapili ndiyo siku yake ya abiria. Ikawa kila jina lina maelezo yake, na mimi badala ya kufunga daftari naendelea kuweka alama ya kosa, moja chini ya nyingine, mchungaji akanikoholea mara mbili nikadhani ana mafua.

Jina la Aneth nililiona linakuja. Nilikuwa na nafasi ya kuliruka, lakini nikawaza yeye anakuja wiki ijayo, yuko sokoni saa hizi, na nikiliruka watasema nampendelea mtoto wangu wa ubatizo. Nikaliita. "Hayupo," wakajibu. Nikaweka alama. Na kutoka upande wa akina mama sauti ikaongeza, "Huyo alizalishwa, anaona aibu kuja." Watu wakacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka nao.

"Nipo, mwalimu."

Alikuwa benchi la mwisho karibu na mlango, amesimama, mtoto mgongoni kwenye kitenge. Kanisa lote likageuka. Mtu mwenye akili angenyamaza hapo, au angeshuka amfuate, lakini mimi kinywa changu kilishazoea kuokoa darasa, nikasema, "Karibu sana Aneth, jamani tumpigie makofi." Na wakapiga. Mtoto akashtuka akaanza kulia, Aneth akambembeleza kwa mkono wa nyuma, akatoka taratibu, akaurudisha mlango polepole ili usigonge.

Kesho yake nikashuka Kwa Mrombo. Akaniamkia, akanipa kigoda kilekile, akaendelea kutafuta pea za viatu kwenye rundo.

"Nilikuja wiki moja mapema nizoee kwanza," akasema. "Uliniambia hakuna atakayenisimamisha. Nikasimama mwenyewe."

Nikamwomba radhi, nikasema mchungaji bado yuko tayari, nikasema maneno mengi. Akasema amenisamehe, na naamini amenisamehe, ila mtoto akikua atajichagulia mwenyewe pa kwenda. Kisha akaja mteja anayetaka raba namba arobaini, nikampisha.

Baraza linaendelea kukaa kuhusu vijana. Wengine wanasema tununue gitaa, wengine wanasema ibada ifupishwe, wakiniuliza mimi nasema sijui, na ni kweli sijui, maana mmoja alikuja kwa miguu yake na nikamfukuza kwa kalamu. Nimeapa sitashika tena daftari lolote mbele ya watu, hata la michango ya harusi.

Siku hizi nakaa benchi la mwisho karibu na mlango, na pembeni yangu naweka Biblia kushikilia nafasi ya mtu na mtoto. Nimeishikilia miezi mitano. Jumapili iliyopita kanisa lilijaa kidogo, mama mmoja akaniuliza kama pale kuna mtu. Nikamwambia hayupo, nikaitoa Biblia akakaa.