Mishipa Miwili Iliyobaki

Kaka yangu alikuwa fundi bomba, na mtaani alisifiwa kwa jambo moja: havunji ovyo. Mafundi wengine wakisikia maji yanavuja, wanaangusha ukuta. Yeye aliweka sikio kwenye vigae, akagongagonga, aking'oa kimoja tu ni hapohapo panapovuja. Mimi nilikuwa msaidizi wake miaka ishirini na miwili. Yeye aliongea, mimi nilishika spana. Aliniita Bubu.

Kifua kilipoanza kumbana kwenye ngazi, hospitali walimkuta na mishipa mitatu ya moyo iliyoziba. Daktari, mama mmoja mpole, alituchorea kwenye karatasi.

"Njia ya kwanza, tunapasua mfupa wa kifua katikati, tunaunga njia mpya za damu kwa mishipa yote mitatu siku moja. Miezi miwili, mitatu, hunyanyui kitu kizito. Njia ya pili, tunapita katikati ya mbavu, kidonda kidogo, unapona haraka. Ila hapo tunaufikia mmoja tu, wa mbele. Hiyo miwili utarudi baada ya wiki chache, tuizibue kwa waya kupitia mkononi. Kwako zote zinafaa, lakini hii ya pili usiporudi ni kazi nusu."

Kaka akacheka. "Kumbe wewe ni fundi mwenzangu! Toboa padogo. Mfupa wangu uache."

"Utarudi?"

"Nitarudi, mama."

Daktari akanigeukia. "Na wewe ndugu yake, una neno?"

Nilikuwa nalo. Kaka namjua: kitu kikishaacha kuvuja, hageuki nyuma. Lakini mbele ya watu waliosoma, ulimi wangu hufa ganzi. Nikatikisa kichwa kwamba sina.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku ya tano alikuwa nyumbani, wiki ya nne anapanda ngazi huku akipiga mluzi. Tarehe ya kurudi ilitukuta jikoni kwa mwalimu mmoja, tunafunga sinki.

"Kaka, leo si ndiyo ile siku ya..."

"Leo Bubu kaongea! Mvua itanyesha. Lete spana. Mwili hauvuji, tukavunje tena nini?"

Nikampa spana.

Mwezi na siku nne baadaye alianguka bafuni kwa mteja, kabla ya saa sita mchana. Nilimshika kichwa, nikaita watu. Walipofika alikuwa ameshakwenda.

Baada ya mazishi mkewe aliniita sebuleni, tukabaki wawili.

"Shemeji, mimi aliniambia amepona kabisa. Wewe ulikuwepo. Daktari alisemaje?"

Nikamweleza yote: ule mmoja, ile miwili, ile tarehe, na lile neno nililolimeza mbele ya daktari. Maishani sijawahi kuongea kwa muda mrefu namna ile. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono mapajani.

"Kwa daktari uliogopa, sawa," akasema taratibu. "Mbona mimi hukuniambia? Ningemburuta."