Siku kuku wa mgeni alipotuonya, nami nikaangalia juu

Wakuu, salamu kutoka Kakamega. Ninayoandika hapa ni kweli tupu. Mke wangu ameketi kando anasoma kila mstari, kwa hivyo hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza form four, nimeoa mapema (hapo msiniulize), na tulikuwa na binti wa miezi saba. Kwetu ni pale msitu unapoishia na mahindi yanapoanzia.

Nikapata kazi ya field assistant kwa Madam, mtafiti kutoka Nairobi aliyekuwa akirekodi milio ya kima. Mimi nabeba recorder na kuandika: saa ngapi, nani kalia, wenzake wamefanya nini.

Huko ndiko nilikojua kwamba kima dume hapigi kelele ovyo. Akiona tai ana mlio wake, na wote wanajificha kwenye majani mazito. Hatari ikiwa chini, ana mlio mwingine kabisa.

Siku nilipoanza kuitofautisha ile milio, mwili ulinisisimka. Utoto wangu wote nilikuwa nawarushia mawe viumbe wanaoongea.

Basi nikawa msomi. Kila jioni nawahutubia watu wa nyumbani kuhusu lugha ya wanyama. Mama ananisikiliza huku anachambua mrenda.

Jumamosi moja Madam akaja kututembelea. Kwetu mgeni wa heshima lazima ale ingokho, yaani kuku, la sivyo mmejiaibisha mpaka kwa majirani. Mama akamfunga kuku wake mwekundu kwenye nguzo ya jikoni, akabandika maji. Firigisi nilikuwa nimeshaipigia hesabu.

Binti yetu alikuwa amelala kwenye mkeka chini ya migomba, hatua chache kutoka kwa yule kuku.

Mara kuku akaanza. Ko-ko-ko-koo, ko-ko-ko-koo, shingo imesimama, hanyamazi.

Nikamwambia Madam, kwa sauti ya mtaalamu, kwamba huyo ameona mwewe. Nikainua uso. Angani hapakuwa na kitu, nami nikazidi kutafuta.

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, na hakutazama juu hata kidogo. Alikimbia macho yakiwa chini, moja kwa moja hadi kwenye mkeka, akamnyakua mtoto.

Swila alikuwa ameshafika ukingoni mwa mkeka. Mweusi, kichwa kimeinuka.

Wakuu, miguu yangu haikusogea. Mpaka leo naona aibu kuandika hivyo. Yule nyoka akashusha kichwa, akapenya chini ya ua, akarudi msituni.

Madam akamuuliza mama alijuaje.

"Mwewe ikikuja, kuku inatoa sauti kidogo tu halafu inalalanga chini, inanyamaza," mama akasema, bado amemkumbatia mtoto. "Ikiona nyoka, inasimama na inasemanga mpaka mtu akuje. Kila mama hapa anajua hiyo."

Kisha akanigeukia, akaniita papa kama mama wa kwetu wanavyowaita wana wao. "Wewe, papa, hujawahi kuuliza."

Madam akafungua daftari, akamwomba arudie polepole. Alisema wanasayansi nao wamegundua kuku ana mlio wa hatari ya juu na mlio wa hatari ya chini, sawa na kima wetu. Nilimtazama yule kuku nikahisi kama simjui.

Maji yalikuwa yanachemka. Mama akaenda kwenye nguzo, akakata kamba. Alijua fika kwamba atasemwa.

"Mgeni anisamehe," akasema. "Hii haichinjwi."

Madam akala obusuma, yaani ugali, na mrenda, akaongeza mara mbili. Kuku alizeekea kwetu, akafa mwenyewe, na mama akamzika nyuma ya jikoni. Majirani walicheka sana.

Somo langu ni hili: nilizunguka msituni na mashine nikitafuta lugha ya wanyama, na aliyeielewa alikuwa nyumbani, namhutubia. Mama ameshatangulia. Ningemuuliza mengi.

Binti yule sasa ana mtoto wake. Juzi kuku walilia hapa uani, nikamwona ameshainama anakagua chini ya mkeka wa mwanawe kabla sijageuza shingo. Sikumbuki kama niliwahi kumfundisha.

Nyumbani kwenu ni nani anayejua haya mambo, na mlishamuuliza? Andikeni hapa chini. Safari hii mimi nasikiliza.